Povu la Waridi katika Gari la Mama Mkubwa

Mama mkubwa alinunua gari kabla hajajua kuliendesha. Lilikuwa gari pana la Kimarekani, rangi ya maziwa, mali ya mkulima mmoja wa Kizungu aliyekuwa akifungasha kurudi kwao miaka ile ya mwanzo ya Uhuru. Alililipia kwa fedha za mafuta ya nazi, ambayo aliyapika uani kwake Msambweni na kuyauza mpaka Likoni. Magari madogo aliyaona, akayakataa. Hili alilitaka kwa sababu ya usukani wake wa pawa: pampu chini ya boneti ilisukuma mafuta, na mafuta yakasaidia kuyageuza magurudumu. Mama mkubwa alikuwa na bega bovu tangu ujana. Gari hili aliweza kulikatisha kona kwa mkono mmoja.

Kaka yake, yaani mjomba wetu, hakupendezwa. Alisema mbele ya jamaa kwamba gari si kinu, na kwamba dada yake angechoma petroli bure kisha amtafute dereva. Mama mkubwa akamjibu palepale kwamba akianguka mtihani wa leseni, funguo atamkabidhi yeye. Mjomba akazunguka barazani akituuliza mmoja mmoja kama tumesikia.

Mimi nilikuwa na leseni na nilikuwa nyumbani kwa likizo, kwa hiyo nikawa mwalimu. Kila siku baada ya sala ya alfajiri tulitoka Msambweni kwenda Gazi na kurudi. Alijifunza upesi kuliko nilivyojifunza mimi. Kilichonitia wasiwasi ni salamu. Hakuweza kumpita mtu anayemfahamu bila kusimama amjulie hali, na watu wa njia ile yote aliwafahamu. Nilimwambia kwamba askari wa mtihani hatalipenda jambo hilo. Akaniuliza kama huyo askari hana mama.

Wiki ya mwisho usukani ukaanza kulia. Kila akikata kona, gari lilitoa sauti ya paka aliyekanyagwa mkia, kisha usukani ukawa mzito. Nikafungua boneti. Kikopo cha mafuta ya usukani kilikuwa kimejaa povu mpaka likafurika na kutiririka juu ya pampu.

Tukalipeleka Ukunda kwa fundi mmoja, kijana wa bara aliyekuwa amefungua gereji yake karibu na njia ya kwenda Diani. Alitueleza kwamba povu ni hewa. Mafuta yakipungua, au paipu ikivuta hewa mahali, pampu huyapiga mafuta pamoja na ile hewa, na povu halina nguvu ya kusukuma kitu. Akaangalia kimo cha mafuta, akaipapasa paipu ya mpira kutafuta ufa, akafika kwenye kibanio kinachoishikilia kwenye pampu. Kilikuwa kimelegea. Akakikaza, akajaza mafuta mekundu, akaitoa hewa. Tulirudi nyumbani mama mkubwa akiimba.

Siku ya pili yake povu likarudi, na safari hii lilikuwa na rangi ya waridi. Fundi alikuja mwenyewe Msambweni kwa baiskeli, kwa kuwa jambo hili lilimgusa jina lake. Kibanio kilikuwa kimekazika. Paipu ilikuwa nzima. Akakuna kichwa, akasema huenda pampu yenyewe imekufa, na pampu ya gari kama lile ingebidi iagizwe ng'ambo. Mtihani ulikuwa kesho kutwa. Mama mkubwa alilisikia hilo akaingia jikoni.

Mimi nilikuwa nimeona jambo moja. Alfajiri usukani ulikuwa mgumu kabisa, na hapakuwa na povu juu ya pampu. Povu lilianza jua likishapanda. Fundi hakunisadiki, maana yeye kila mara alilikuta gari mchana. Nikamwomba alale kwetu.

Asubuhi, kabla hatujaliwasha, tukafungua kikopo. Mafuta yalikuwa yameganda, laini na ya waridi kama sabuni ya kuogea. Fundi alisema tangu azaliwe hajaona mafuta ya gari yakiganda pwani. Lakini ulikuwa wakati wa kipupwe, na mimi nilikuwa nikilitazama dirisha la jikoni. Chupa ya mafuta ya nywele ya mama mkubwa ilikuwa pale, imeganda nyeupe, ikingoja jua kama chupa ya kila nyumba miezi ile. Nikachovya kidole katika kikopo, nikanusa, kisha nikampa mama mkubwa naye anuse.

"Nani ametia mafuta ya nazi ndani ya gari langu?"

Mumewe, baba mkubwa, alikuwa amesimama mlangoni na kikombe chake cha kahawa. Kwa baba mkubwa hapakuwa na shida ambayo mafuta ya nazi hayaitoi. Aliyapaka goti lake, bawaba za milango, cherehani, na mara moja redio.

"Mimi," akasema. "Mliporudi kwa fundi niliyakuta yamepungua. Nikasema mke wangu asije akafedheheka mbele ya askari."

"Umetia mara ngapi?"

"Kila nikitoka msikitini. Wala sikutia yale ya kuuza. Nimetia yale mazuri, uliyoyaweka ya harusi."

Mama mkubwa aliketi kizingitini. Mabega yake yakaanza kutikisika, nikadhani analia.

"Limelishwa mafuta ya harusi," akasema alipopata pumzi, "na bado linanuna."

Siku ile nzima ilikuwa ya kazi. Tulingoja jua liyayeyushe mafuta, tukaichomoa paipu inayorudisha mafuta kikoponi, tukayamwaga yote. Fundi akaliinua gari mbele kwa jeki, akasafisha kwa mafuta mapya na kuyamwaga nayo, kisha akajaza upya. Baba mkubwa akawekwa kwenye usukani, injini ikiwa imezimwa, auzungushe polepole kutoka mwisho huu mpaka ule. Mapovu yalipanda, yakapasuka, tukaongeza mafuta, akazungusha tena, mpaka kikopo kikatulia. Majirani waliokuja kutazama walimwambia asizungushe sana, mafuta yake yasije yakaliotesha gari nywele.

Kesho yake tulipanda Kwale pamoja na baba mkubwa, mjomba akiwa nyuma. Mtahini, askari kijana kutoka bara, alimwamkia mama mkubwa shikamoo, wakaondoka wawili. Sisi tulitazama kutoka ukingoni mwa barabara. Hawajafika mbali, bibi mmoja akatokea na kikapu cha mihogo. Mkono wa mama mkubwa ukatoka dirishani kuonyesha anasimama. Akasimama. Wakaulizana habari za nyumbani, za watoto, za mguu. Mkono ukatoka tena, akaondoka. Mbele kidogo akasimama kwa mzee mwingine.

"Basi," mjomba akasema. "Ameanguka."

Waliporudi, alilirudisha gari kinyumenyume kati ya miti miwili kwa mkono mmoja, bila mlio. Askari alishuka akijifuta jasho.

"Mama amesimama mara nyingi kuliko nilivyomwagiza," alituambia, "na kila mara amesimama sawasawa. Nitamnyima leseni kwa sababu gani?"

Mjomba alikwenda mlango wa dereva na kuufungua. Mama mkubwa alikuwa bado ameketi pale, mikono juu ya usukani.

"Zunguka, kaka."

Akazunguka boneti lile refu mpaka upande wa pili, akamkuta baba mkubwa ameshakaa mbele. Akaja kukaa nyuma nami.