Dari ya Chumba cha Bibi Zamda

Ipo siku moja isiyonitoka moyoni, mjukuu wangu, na kwa kuwa kesho unakwenda kupiga lipu dari yako ya kwanza, keti kidogo nikusimulie.

Ilikuwa Temeke, enzi za Mwingereza, nami nina miaka ishirini na miwili. Aliyenifundisha kazi aliitwa Fundi Kondo, mtu mpole wa maneno machache. Mwaka ule alinikabidhi kazi ya kwanza niifanye peke yangu: chumba kimoja katika nyumba ya Bi Rukia, mama wa Kiarabu aliyekuwa na duka la nguo pale mtaani. Chumbani humo alilala mama yake, Bibi Zamda, ambaye miguu ilikuwa imemwishia nguvu. Kutwa alilala chali akitazama juu. Nayo dari ile ya zege ilipakwa zamani rangi ya mafuta ya kijani, ikashika masizi ya taa, ikawa inabambuka. Vipande vilimdondokea usoni.

"Mjukuu wangu," aliniambia nilipomwamkia, "nifanyie nyeupe. Hii kijani nimeichoka, kila siku naitoa machoni."

Fundi Kondo alikuwa ameniagiza vizuri. Kwangua rangi yote hadi uone zege. Osha masizi kwa sabuni. Choma zege kwa patasi lipate makovu, lipu iwe na pa kushika. Kisha lowesha maji ndipo uanze. Lakini Jumamosi ile nilikuwa natakiwa Kigamboni, kwa wazazi wa binti niliyemchumbia, ndiye huyu bibi yako unayemwona. Na kukwangua dari kunachosha, usisikie: shingo inakatika, vumbi linakuingia machoni, mikono iko juu tangu asubuhi. Basi nikakwangua palipobambuka tu. Palipong'ang'ania nikapaacha, nikajiambia rangi iliyoshika miaka yote hiyo haitaachia leo. Nikapiga lipu juu yake, nikaisugua ikalainika, nikaipaka chokaa. Bibi Zamda aliporudishwa chumbani alitabasamu, akaniombea dua. Nikavuka kwenda Kigamboni nikijiona fundi kamili.

Wiki ya tatu, asubuhi, tukiwa kazini kwingine, Bi Rukia akatokea, buibui lake limejaa vumbi. Hakunisalimu.

"Dari imeanguka," akasema. "Kitandani kwa mama."

Nikauliza, "Bibi yuko wapi?"

"Uani. Nilikuwa nimemtoa nimwogeshe."

Tulikwenda na Fundi Kondo. Bonge la lipu, zito ajabu, lilikuwa juu ya mto, pale pale anapoweka kichwa. Nikaanza kusema mchanga wa safari ile ulikuwa na chumvi. Fundi aliinama, akaligeuza bonge. Mgongo wake ulikuwa wa kijani mtupu. Rangi ilikuwa imeng'oka nayo.

Akatoa vifusi kitandani, akakung'uta shuka. "Lala hapa," akaniambia. "Tazama juu."

Nililala. Lipu iliyosalia pembeni ilikuwa imepasuka, inaning'inia, na kila upepo ukipita dirishani chembe zinadondoka. Sijawahi kuogopa kitu kama nilivyoiogopa kazi ya mikono yangu.

"Wewe uliitazama siku tatu ukaenda zako," Fundi akasema taratibu. "Mwenzio ndiye anayekaa nayo."

Machozi yalinitoka, sikuficha. Nikasikia naitwa kutoka uani. Bibi Zamda alikuwa kwenye mkeka, amejifunga kanga, nywele bado zinachuruzika maji. Akanishika mkono.

"Ulijua kama haitashika?"

"Nilijua kazi ilivyotakiwa ifanywe, Bibi. Sikufanya. Nilikuwa nawahi Kigamboni."

"Si ungesema tu, baba? Ningekungoja. Mie naenda wapi?"

Bi Rukia alitaka fundi mwingine, na alikuwa na haki. Mama yake akakataa, akasema nimalize mwenyewe. Siku sita nzima nilikwangua dari ile, yeye akilala sebuleni na kuniuliza kupitia mlangoni kama nimeshakunywa maji. Nilipomaliza, niligonga dari yote kwa mpini wa mwiko, naye akisikiliza. Hapakulia patupu hata mahali pamoja. Alilala chini ya dari ile hadi alipofariki, miaka mingi baadaye, kwa uzee wake.

Mjukuu wangu, rangi ya zamani usiiamini kwa kuwa imekaa muda mrefu. Kwangua hadi mwisho, osha, choma, lowesha, ndipo upige. Ukiwa na haraka, mwambie mwenye nyumba, mara nyingi atakungoja. Na ukishakosea, usiusingizie mchanga. Sema mapema, urudie.

Mungu aitie nguvu mikono yako, ailinde shingo yako na macho yako, na kila atakayelala chini ya kazi yako aamke salama. Amin.