Gogo la Nne na Neno la Selestine

Selestine alikuwa na mwandiko mzuri kuliko wote kwenye duara letu, yaani shimo la dhahabu, kule Masumbwe, lakini kwa maneno alikuwa bahili. Kila zamu ikitoka shimoni, msimamizi wake aliandika daftarini kilichobadilika chini. Mimi, Violeth, mama ntilie mwenye darasa la saba, niliwasomea wanaoingia, maana wengi hawakujua kusoma. Selestine angeandika: "Tumetengeneza." Mmetengeneza nini? Wapi? Kwa nini? Nilimtania, "Baba Kulwa, kalamu inakuuma?" Anacheka tu.

Mwaka tisini na nne, gogo la nne, linaloshikilia ukuta wa duara, liling'olewa ili liwekwe jipya. Asubuhi ya pili yake Mihayo alishuka wa kwanza. Ukuta ukamwangukia. Tulimtoa mchana, ameshakufa.

Polisi wakachukua daftari. Mwenyekiti wetu, Mageni, akasema Selestine ndiye msimamizi wa zamu iliyotangulia na hakuonya, kama kawaida yake. Selestine hakujitetea, hata yeye hakukumbuka aliandika nini. Aliniambia hapati usingizi, anamsikia Mihayo akimuuliza, "Kaka, mbona hukusema?" Akarudi kwao Didia.

Daftari liliporudishwa, kikao kikanipa kazi: nisome kurasa zote, niseme kama lawama za Mageni ni za kweli. Kweli tupu, jamani! "Tumetengeneza." "Tumeongeza." "Kama jana." Nilikwisha kuandika kwamba lawama ni za haki nilipofika siku ile: "Gogo la nne limeregea."

Asubuhi ile nilisoma harakaharaka, uji unafurika jikoni, nikatangaza kuwa gogo limerejea, yaani limerudi mahali pake. Lakini Selestine ni Msukuma wa Didia. R na l kwake ni kitu kimoja. Alikuwa anasema limelegea, yaani lile jipya waliloweka halijakaza. Kumbe alionya! Kwa neno moja la kibahili, lakini alionya. Mimi ndiye niliyemwambia Mihayo, "Shuka, baba, kuko salama."

Tangu hapo sauti inayonisumbua ni yangu mwenyewe. Napakua wali naisikia: shuka, baba. Na niliogopa, sitaki kudanganya. Ningenyamaza, nani angejua? Nilinyamaza siku tatu, na aibu yake ninayo hadi leo. Siku ya nne nikasimama mbele ya kikao nikasema yote. Limi, mjane wa Mihayo, alijifunika uso kwa kanga, akaondoka. Sijamwona tena kibandani kwangu.

Nikabeba daftari, nikapanda basi hadi Didia. Selestine alikuwa ameketi mlangoni, amekonda, suruali ameifunga kwa kamba.

"Shikamoo, Baba Kulwa."

"Marahaba."

Nikamfunulia ukurasa. Akaweka kidole juu ya neno, akalisoma taratibu.

"Kumbe niliandika?"

"Uliandika. Mimi ndiye niliyesoma vibaya. Mimi ndiye niliyemshusha Mihayo."

Hilo la pili hata hakulisikia. Alilia kwa sauti, akaita ndani, "Mama Kulwa! Niliandika! Njoo uone, niliandika!" Kisha akanishika mikono yote miwili, akanishukuru, akanishukuru tena.

Nilitaka anitukane, jamani. Akamwagiza mkewe anichinjie kuku, nami nikakaa nikamla.