Miezi Minne ya Metimani

Kaka yangu aliondoka kwenda jeshini bila kumuaga mama. Alfajiri alijaza maji debe letu, akaliweka mlangoni, akatembea kwa miguu kutoka Endabash hadi Karatu na huko akapata lori la ngano. Mama alilitazama lile debe na kusema, "Mtu mwenye adabu anaaga kwa mdomo." Kwa miaka miwili hakulitaja jina lake. Barua zake nilizijibu mimi, na kila mara niliandika kwamba mama anakusalimu sana. Ulikuwa uongo. Mama alikuwa akitoka nje nikishika kalamu.

Miaka ya themanini ikiwa inaelekea ukingoni, akaandika kwamba wanapelekwa Msumbiji. Jirani yetu, mzee aliyekuwa balozi wa nyumba kumi, alikuwa na redio, na betri zikipatikana tulikwenda kusikiliza. Ilisema majeshi ya nchi tatu, letu, la Zimbabwe na la wenyeji, yanawasaka waasi waliochoma shule na kukata watu masikio. Wazee walitikisa vichwa wakasema vijana wetu watawanyoosha. Mimi nilikuwa na miaka kumi na tisa na maneno hayo yalinichefua. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na mtoto kule.

Kisha akaja askari mmoja, kijana wa Karatu mjini aliyekuwa kikosi kimoja na kaka, bega lake limefungwa bendeji. Alikataa kukaa. Alisimama karibu na zizi, kofia mkononi.

"Mama, gari lao lilikanyaga bomu. Mimi nilikuwa gari la nyuma. Liliwaka lote."

"Ulimwona mwanangu amekufa?" mama akauliza.

"Mama, nililiona gari."

Nililisikia jibu hilo, na nilijua si jibu. Lakini kijana alikuwa analia, mama alikuwa ameshajishika kichwa, na mimi nikaona aibu kumhoji mtu anayelia. Aibu hiyo sijaisamehe mpaka leo.

Kwetu Wairaqw, nyumba iliyofiwa na mtoto inakaa metimani. Maana yake mnajitenga ili kifo kisiwafuate majirani. Hamwingii kwa mtu wala mtu haingii kwenu. Ng'ombe wenu wanachungwa peke yao, maji mnachota chini kabisa ya chemchemi wengine wakishaondoka. Hakuna anayekuja kuomba moto wala chumvi, na anayewaona njiani anapinda kona. Si ubaya, ni heshima na woga pamoja. Siku zile katekista alikuwa ameshaipiga vita mila hiyo, na nyumba nyingi zilikaa siku chache tu kwa kutimiza wajibu. Mama, ambaye hakukosa misa hata Jumapili moja, alitaka ikaliwe yote kama zamani, miezi minne.

"Sikumuaga akiwa hai," alisema. "Nitamkalia vizuri akiwa amekufa."

Nilimwambia tusubiri karatasi ya jeshi kwanza.

"Karatasi itamfufua?"

Wahenga wanasema subira yavuta heri, lakini mwambie hivyo mwanamke aliyemnunia mwanawe miaka miwili halafu akaletewa habari ya gari lililowaka.

Tukakaa. Mahindi yalitoka, tukayapalilia wawili peke yetu. Nilijifunza kuwa mtu anaweza kukosa sauti za watu kama anavyokosa chakula. Nikiwasikia wanawake wakicheka kule juu chemchemini, nilitamani hata wanisengenye. Mama alibadilika. Jioni, akikamua, alianza kumwambia kaka mambo ambayo hakuwahi kumwambia: ndama aliyezaliwa, ukuta ulioanguka. Alimwita kwa jina. Nilifurahi kulisikia jina lile, Mungu anisamehe, nikadhani metimani inamponya.

Miezi ilipotimia tulinyolewa nywele, tukaoga, tukasiriba nyumba upya. Mgeni wa kwanza kuingia alikuwa balozi, na kibuyu cha maziwa. Alikunywa na mama, akampa pole. Halafu akatoa mfukoni bahasha mbili alizozifunga kwa karatasi ya sukari.

"Hizi zilikuja katika sanduku la barua la shule," aliniambia. "Mwandiko si wa marehemu, nikajua ni rambirambi za jeshi. Nikasema rambirambi haziozi. Siwezi kupeleka kitu kwenye nyumba ya metimani, binti yangu, unajua mwenyewe."

Nilijua. Ningekuwa yeye ningefanya hivyo hivyo, na hilo ndilo linalonikera, kwamba sina wa kumlaani.

Mama hakujua kusoma. Nilifungua ya kwanza nikaisoma kwa sauti, na nilikuwa nimeshaanza kabla sijaelewa ninachosoma. Kaka alikuwa hospitali, Dar es Salaam. Mikono imeungua, ndiyo maana muuguzi anamwandikia. Mguu mmoja haupo. Mama asishtuke. Aje mtu mmoja tu wa nyumbani, yeyote, amwone.

Balozi alisimama. Nakumbuka kibuyu kilianguka, na hakuna aliyekiokota.

Ya pili ilikuwa fupi. "Mama, nimengoja. Kama bado umekasirika kwa sababu niliondoka bila kuaga, nisamehe. Niliogopa ukinikataza nitabaki."

Tuliuza dume tukaondoka asubuhi iliyofuata. Siku tatu, Karatu, Arusha, Dar, na njia nzima mama aliishika ile bahasha kama anayebeba yai. Hospitalini tulimpata muuguzi aliyeziandika barua zile. Alikuwa mama wa makamo, na aliposikia tunakotoka akaketi chini kwanza.

"Mmechelewa wiki tatu," alisema.

Kaka alikuwa ameshazikwa na wenzake wa jeshi. Muuguzi alituonyesha kitanda, ambacho kilikuwa na mtu mwingine. Alisema saa ya kutazama wagonjwa ikifika, kaka alikuwa anaomba ageuzwe aelekee mlangoni. Mama aliuliza kama alikuwa anaona vizuri. Muuguzi akasema ndiyo, macho yake yalikuwa mazima.

Nilipiga hesabu ndani ya basi tukirudi, ingawa sikutaka. Jioni zile mama alipokuwa akikamua na kumsimulia habari za ndama, mwanawe alikuwa amegeuzwa kuelekea mlango wa wodi.

Tulipofika nyumbani mama aliufunga mlango na kuniambia nikawatenge ng'ombe. Alitaka kuanza upya, maana sasa amekufa kweli. Wazee walikuja, wakasimama nje ya ua, wakamwita. Balozi alikuwepo, amesimama nyuma yao. Msemaji wao alisema kwa upole kwamba mtu mmoja hakaliwi mara mbili. Metimani yake imeshakaliwa na imeshaisha, na kuirudia ni kukiita kifo kingine kije kuchukua nafasi iliyo wazi.

"Lakini ile ya kwanza haikuwa yake," mama alisema. "Alikuwa hai."

"Ilikuwa yake, mama. Mliikaa kwa jina lake."

Mama alinitazama, mimi mwenye shule, nimpatie neno la kuwajibu. Kisha akafungua mlango mwenyewe.

Kesho yake tulikwenda chemchemini wakati mmoja na wanawake wengine, wakatupisha tuchote juu. Hakuna aliyelia, kwa kuwa kilio chake kilikuwa kimeshapita. Mchana jirani alikuja kuomba chumvi, na mama akampa.