Waraka Uliolala Masijala

Wanafunzi walimwita Kabati, na jina likamkaa. Alikuwa karani wa masijala katika chuo cha uuguzi, miaka ishirini na sita kwenye chumba kilekile na kiti kilekile kilichokwisha sponji upande mmoja. Nyuma yake kulisimama kabati la chuma lenye vyeti halisi vya sekondari vya kila mwanafunzi. Siku ya kuandikishwa unavikabidhi, Kabati anavitia kwenye bahasha, anaandika namba, anafunga. Vinatoka siku ya kuhitimu. Ukiacha masomo njiani, iwe kwa ugonjwa, iwe kwa msiba, hupewi mpaka ulipe ada ya miaka yote mitatu, hata ile ambayo hukukanyaga darasani. Wengi hawakuweza. Bahasha zao zilibaki, na Kabati akabaki kuwa mtu wa kuwaambia, "Rudi wiki ijayo." Jamani, hiyo nayo ni kazi.

Ilikuwa imemchosha mpaka kwenye mifupa. Mtu asikudanganye kwamba karani wa namna hiyo hana roho. Anayo, ila ameikalia. Kilichokuwa kikimwamsha asubuhi ni hesabu moja tu: miezi minane, astaafu.

Alhamisi moja akaingia binti mmoja aliyeacha masomo mwaka wa pili ili amuuguze mama yake. Ilikuwa mara yake ya sita kuja. Alikuwa amepata nafasi ya kazi zahanati, na zahanati ilitaka kuona vyeti halisi kesho yake saa sita mchana, la sivyo nafasi apewe mwingine. Mara tano zilizopita alilia. Safari hii aliweka mezani barua, nakala mbili.

"Shikamoo baba. Nimekwenda kwa watu wa msaada wa sheria. Wamesema nisiombe tena, nidai. Na hii nakala moja unipigie muhuri kwamba mmepokea."

"Marahaba. Kaa, mwanangu."

Barua ilitaja waraka wa wizara, namba yake na tarehe yake, wa miaka kumi na mmoja iliyopita. Chuo kitazame vyeti halisi, kibaki na nakala, kirudishe halisi siku hiyohiyo. Kama kinamdai mwanafunzi, mahakama zipo, kiende huko. Cheti ni mali ya mwenyewe, hakiwekwi rehani. Mwisho barua iliuliza swali moja: je, chuo kilipata waraka huo?

Kabati hakuhitaji kutafuta. Aliinamia rafu ya chini, akavuta faili lenye vumbi, na waraka ulikuwa humo, na muhuri wake na saini yake juu ya muhuri. Mnajua masijala ilivyo: barua ikishapigwa muhuri, ikapewa namba na kulazwa kwenye faili lake, basi imeshughulikiwa. Mkuu wa wakati ule alikuwa safarini. Kabati aliusoma waraka wote siku hiyo, akauelewa, akaulaza, akasubiri aulizwe. Hakuna aliyemuuliza.

Akaupeleka kwa mkuu wa chuo wa sasa, mama mmoja asiyepandisha sauti.

"Mwambie hatukuupata," alisema mkuu.

"Madamu, una muhuri wangu."

"Muhuri huo ameuona nani zaidi yako?" Kisha akalainika. "Mzee wangu, umebakiza miezi minane. Usije ukamwaga unga wako kwa sababu ya mtoto wa watu."

Kabati akarudi taratibu masijala, alikokuwa akingoja binti. Alitaka kumwambia binti arudi wiki ijayo. Maneno alikuwa nayo mdomoni, yamezoea njia. Lakini akagundua kuwa hayatoki. Msimpe sifa, haukuwa ushujaa; alikuwa amechoka tu, na uongo nao unataka nguvu. Alipiga muhuri kwenye nakala ya binti, akaandika chini yake, "Waraka ulipokelewa," akatia saini. Akafungua kabati, akatoa bahasha, akamwambia asaini daftari kwamba amechukua.

Binti alikagua vyeti kimoja kimoja. Kisha akamtazama.

"Baba, kumbe siku zote ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

Hakumtukana. Alisema ahsante, akabana bahasha kwapani, akatoka mbio. Kabati angepona kidogo kama angetukanwa.

Mlango wa kabati ulikuwa bado wazi. Bahasha za walioacha masomo baada ya waraka ule zilikuwa mia moja na nne. Alizihesabu akiwa amesimama. Madamu angekuja muda wowote, na aje. Akatoa ya kwanza, yenye namba ya simu iliyoanza kufifia, akapiga. Akapokea mwanamume, nyuma yake kelele za mashine ya kuchomelea.

"Wewe ndiye uliyesoma hapa chuoni, ukaacha mwaka wa kwanza?"

"Ndiye."

"Vyeti vyako viko hapa. Njoo uvichukue, hakuna cha kulipa."

Mashine ikanyamaza. "Wewe ni mzee wa masijala?"

"Ndiye mimi."

"Niliitwa kazini mara tatu, mzee. Mara zote wanataka halisi. Nikawa nakuja kwako mpaka kiatu kikaisha soli. Unanikumbuka?"

"Nakukumbuka," alisema Kabati, na hakumkumbuka, maana walikuwa wengi.

"Sasa nina watoto wanne, nachomelea mageti. Vya nini tena?"

"Ni vyako," alisema Kabati. "Kisheria ni vyako."

Yule bwana hakuwa na hasira hata chembe.

"Baki navyo tu, mzee. Umekaa navyo muda mrefu kuliko mimi."

Mashine ikaanza tena kulia, simu ikakatika. Kabati alivuta bahasha ya pili, akavaa miwani, akaanza kuisoma namba.