Njia ya Mbao Ambayo Hatukuijenga

Harufu ya mbao zilizooza majini bado hunirudisha Goma ya utoto wangu. Ni harufu nzito, ya kuvu na matete, na asubuhi ilichanganyika na moshi wa akina mama waliokaanga sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu, kwenye lango la bustani ya umma. Ndani ya bustani hiyo kulikuwa na njia ya mbao iliyopita juu ya mawe meusi na matope ya ukingoni. Wakubwa walisema ilijengwa kabla baba yangu hajazaliwa. Sisi watoto tuliipenda kwa kelele zake. Kila ubao ulikuwa na sauti yake chini ya nyayo, nami na rafiki yangu Furaha tuliikimbilia tukitoka shuleni, tukiruka palipobomoka na kusikia maji yakinong'ona chini yetu.

Siku moja mama yake Furaha, akitoka ziwani na dumu la maji kichwani, alikanyaga ubao uliooza. Mguu ukatumbukia, ukavunjika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi tulikuwa tumeshachelewa. Hapakuwa na wa kumlalamikia: mji ulikuwa mikononi mwa waasi, na mwenye bunduki hana haja na njia ya wateka maji. Basi kila Jumapili baada ya ibada watu wa mtaa wakawa wanakutana bustanini kupanga njia mpya.

Mabishano yale nayakumbuka kuliko yote. Baba yangu alikuwa seremala, Mnande wa milima ya Butembo, mtu wa maneno machache mpaka umguse mbao zake. Baba yake Furaha, Papa Bizimana, alikuwa mwashi kutoka milima ya Masisi, na nyumbani kwao walisema Kinyarwanda. Siku zile, kwingineko, Wanande na wasema Kinyarwanda walitazamana kwa jicho la pembeni. Bustanini waligombana kwa jambo moja tu.

"Mbao inaozaka, Papa Kavira," alisema Papa Bizimana, akimwita baba kwa jina langu. "Jiwe haiozake."

"Jiwe inatelezaka, muzee. Bibi yako atavunja na mguu wa pili."

Watu walicheka, hata mama yake Furaha mwenyewe, aliyeketi na mguu umefungwa vijiti. Baba alichora mpango wake ardhini kwa fimbo. Mwashi akaufuta kwa kiatu, akachora wake. Mwishowe walikubaliana: nguzo za mawe, sakafu ya mbao. Kila nyumba ikachanga ilichoweza, na baba akaagiza mbao ngumu kwa ndugu zake. Barabara ya Butembo ilipita katika mikono ya waasi wa namna mbili wasiopatana, na lori lilikawia hadi tukalikatia tamaa. Lilipoingia mtaani, jekundu kwa vumbi, mama zetu walilipokea kwa vigelegele. Mbao zikapangwa nyuma ya nyumba yetu, zikingoja nguzo.

Nguzo hazikusimama. Kabla mwashi hajaanza kazi, mlima wa volkeno ulio juu ya mji ulipasuka, na mto wa moto ukashuka katikati ya mitaa. Tulikimbilia Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, na magodoro kichwani. Tuliporudi tuliikuta nyumba yetu imesimama, na mbao hazikuguswa hata na cheche. Nyumba ya akina Furaha haikuwapo. Mahali pake ule moto ulikuwa umeganda kuwa jiwe jeusi, bado linafuka moshi, na Papa Bizimana mbele yake, mikono mfukoni.

"Niliombaka jiwe," alimwambia baba, "na jiwe ikakuya mupaka mu chumba."

Safari hii hakuna aliyecheka. Jumapili iliyofuata watu walikusanyika tena bustanini, na mama yangu, ambaye katika mikutano yote hakuwa amefungua kinywa, akasimama. Alisema mbao ziende kwa waliounguliwa, tuanze na mama asiyeweza kutembea.

Papa Bizimana alikataa. "Hii mbao ni ya watu wote. Siwezi lala ndani yake. Watu watasema nini?"

"Watu ni sisi, Papa Furaha," mama alijibu. "Na tumeshasema."

Baba aliwajengea nyumba ya mbao juu ya lile jiwe lenyewe, lilipopoa. Furaha nami tuliokota misumari iliyopinda, tukainyoosha kwa kokoto. Alipopigilia ubao wa mwisho wa mlango, baba aligeuka. "Sasa sema tena mbao inaozaka." Papa Bizimana aliinamisha kichwa, mabega yakatikisika. Alikuwa akicheka. Kisha akalia, na baba akamshika mkono hadi alipomaliza.

Njia ya zamani iliisha ubao mmoja mmoja, ikawa kuni. Uasi mwingine ulipokuja, akina Furaha walihama, na sijui tena waliko. Baba alirudi kwao Butembo, akafia huko wakati vita vimefunga barabara. Nilimzika kwa simu, nikisikiliza kwa mbali nyimbo za ndugu zake kaburini. Mimi nimebaki Goma. Leo mji una maghorofa, na ukingo wa ziwa umezungushiwa kuta ndefu. Vita havijaisha, na mabishano hayajaisha. Lakini sijaona tena watu wazima wa milima miwili wakigombana Jumapili nzima, bunduki zikiwa barabarani, kwa ajili ya mahali ambapo watoto wa wote wawili watakanyaga.