Kilengeo Nilichokigonga Bila Kusema

Nakumbuka Jumapili moja, mwanangu, nimelala kifudifudi kwenye vumbi nje kidogo ya Urambo, kitako cha bunduki begani, na mbele yangu kichuguu kikubwa tulichokibandika kipande cha gunia la tumbaku. Katikati ya gunia palikuwa na duara la masizi. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, askari wa wanyamapori, na kanisani sikwenda. Mama yangu, Mmoraviani wa kweli, angejua angenisema wiki nzima.

Bunduki ile ilikuwa ya watu wawili, mimi na Nestori. Nestori alikuwa kijana wa Ulyankulu, mtoto wa wakulima waliotoka Burundi, mpole, mwenye shabaha kunizidi. Hilo la shabaha nalikiri leo. Wakati ule ungenichapa nisingelitamka. Asubuhi hiyo alikuwa misani. Koplo Mihayo, mzee aliyetufundisha silaha, alikuwa ametupa sharti: bunduki ya wawili hujaribiwa na wawili, na kilengeo hakiguswi mpaka upige risasi tatu kwa kulenga mahali pamoja, kisha uangalie matundu.

Nilimsikia vizuri. Ila mimi nilikulia kwenye gobore la baba. Baruti ilikuwa adimu, kwa hiyo baba akitaka kujua kama gobore lake limepinda alipiga mara moja tu kwenye gogo, akaenda kuangalia, akaguna au akacheka, basi. Nyumbani kwetu risasi moja ilikuwa ushahidi tosha. Nikaona Koplo anapoteza risasi za serikali.

Nikapiga ya kwanza. Ikaangukia kulia, shibiri nzima kutoka kwenye duara. Sasa kilengeo cha mbele, kile kijino kilichosimama karibu na mdomo wa mtutu, husogezwa kwa kugongwa na nyundo ndogo, nacho hufuata kosa: risasi ikienda kulia, unakigonga kiende kulia, ndipo risasi inayofuata irudi kushoto. Vijana wengi hubisha mpaka waone. Nikakigonga. Ya pili ikaenda kushoto. Nikakirudisha. Ya tatu kulia tena, ya nne kushoto, na kila mara nikakigonga upya. Kumbe kilichokuwa kinacheza ni bega langu, maana nilikuwa nafumba macho kabla ya mlio, nami nikawa namfukuza mwizi aliyekaa ndani ya shati langu. Ya tano ikaingia katikati ya duara. Nikafurahi, nikafuta vumbi, nikairudisha bunduki stoo. Mwamba ngoma huvutia kwake, mwanangu, na siku ile niliiwamba bunduki ya watu wawili ifuate woga wa mmoja.

Mchana huohuo ikaja habari kwamba nyati mwenye kitanzi cha waya mguuni ameingia kwenye mashamba ya tumbaku na kumkanyaga mzee mmoja. Nyati aliyeumia hana mazungumzo. Nestori, aliyekuwa ndiyo kwanza anavua shati lake la kanisani, akachukua bunduki. Akaniuliza njiani, tena bila kunitazama, kama mtu anayeuliza kama mlango umefungwa.

"Bunduki iko sawa?"

"Iko sawa. Asubuhi imepiga katikati kabisa."

Hakuna neno la uongo humo. Lakini matundu manne niliyaacha bila kuyataja, na nyundo sikuitaja. Nilimwonea haya. Ningesema nimekigonga kilengeo peke yangu, angejua nimekaidi, na pengine angejua kwamba naionea wivu shabaha yake.

Tulimkuta nyati amesimama ubavu, kichwa kulia, hatua themanini hivi. Nestori akapiga goti, akalenga bega, akavuta pumzi. Nilimwangalia, hakutikisika hata kidogo. Risasi ikaenda kushoto, ikaingia tumboni. Nyati akageuka akaja. Nestori akapiga ya pili, sijui ilikwenda wapi, kisha akarushwa juu na kuanguka kwenye matuta, na bunduki ikaangukia karibu na miguu yangu. Nyati aliporudi kumkanyaga nilimpiga shingoni kwa hatua tano. Kwa hatua tano hata bunduki iliyoharibika hupata.

Nestori alivunjika nyonga na paja. Walimchukua hadi hospitali Tabora, na Urambo maneno yakaanza. Kwamba aliingiwa na woga. Kwamba hawa watu wa Ulyankulu bunduki wapi na wapi. Mkuu wetu akasema akipona hatashika silaha tena, na askari asiyeshika silaha hana kazi. Nestori ndiye aliyekuwa akiwalisha wazazi wake. Mimi niliyasikia yote hayo, nikala ugali wangu, nikanyamaza siku nne.

Siku ya tano Koplo Mihayo aliniita kule kwenye kichuguu. Alikuwa ameilaza bunduki juu ya gunia la mchanga. Akapiga tatu taratibu, akanituma nikalete kile kipande cha gunia. Matundu matatu yalikuwa yamekaa pamoja, ungeweza kuyafunika kwa kiganja, ila yote shibiri nzima kushoto mwa duara.

"Unaona nini?" akaniuliza.

"Yamekusanyika, shikamoo." Nilichanganyikiwa hata salamu nikaipachika pasipo mahali pake.

"Marahaba. Yakitawanyika, ubovu uko kwa mpigaji. Yakikusanyika pembeni, ubovu uko kwenye kilengeo. Huyu Nestori mnayemsema hakutetemeka. Alipiga pale bunduki ilipomwambia. Nani alikigonga hiki kijino?"

Nikasema ni mimi. 

Mzee hakufoka. Akakaa juu ya gunia la mchanga, akaniambia babu yake alikuwa mpagazi kwenye njia ya misafara, ile iliyotoka pwani ikapita Tabora kwenda Ujiji. Mtu mwenye mzigo kichwani haoni miguu yake. Kwa hiyo aliyetangulia akikuta kisiki anatamka "kisiki", wa pili anamwambia wa tatu, wa tatu wa nne, mpaka neno limfikie wa mwisho. Aliyekikwepa kisiki akanyamaza, hata kama amesahau tu, jioni hakukaa moto mmoja na wenzake.

"Kujikwaa hatukukukataza," akasema. "Wewe ulijikwaa, ukainuka, ukapita. Nyuma yako alikuwapo mwenzako na mzigo."

Nilikwenda naye kwa mkuu, nikasema tena mbele ya wote. Nilivuliwa silaha mwaka mzima, nikafagia stoo na kuchota maji, na nilistahili. Kisha nikapanda treni hadi Tabora. Nestori alikuwa kitandani, mguu umening'inizwa kwa kamba na mawe. Nikamweleza yote: risasi tano, nyundo, aibu yangu. Nilitegemea anitukane. Ningeshukuru.

Akasema, "Ungeniambia umekigonga, ningepiga tatu pale kwenye kichuguu kabla hatujaondoka. Tulipita pale pale. Zingetuchukua dakika tano."

 Nestori alibaki na kazi yake, ila akawekwa getini kuandikisha magari, maana mguu mmoja ulibaki mfupi na porini haukumfaa tena. Tulisalimiana miaka yote iliyofuata. Tulikula pamoja. Lakini kila alipotembea mbele yangu niliiona nyundo yangu.

Sasa nimestaafu, niko Cheyo, hapa Tabora mjini, na wajukuu, na vijana huniletea simu zao nitazame wazungu wanavyorekebisha vilengeo. Wanajua mengi, nami nafurahi. Sikiliza basi, mwanangu. Usihukumu kitu kwa risasi moja, wala mtu kwa kosa moja. Piga tatu, kisha tazama matundu yanasema nini. Kabla hujakigeuza chombo, jiulize kama si wewe unayefumba macho. Na ukikigusa chombo cha watu, iwe bunduki, breki ya baiskeli, au dawa ya mgonjwa, mwambie atakayekishika baada yako, hata kama kusema huko kutakuvua nguo. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Mimi naongeza kwamba humwumiza na jirani. Kuteleza si kuanguka, na hakuna atakayekufukuza duniani kwa kuteleza. Kunyamaza ndiko nilikokuja kulipia mimi, na aliyelipa zaidi hakuwa mimi.

Mungu akupe jicho tulivu na mkono usiotetemeka. Na siku mkono utakapotetemeka, kwa maana utatetemeka, akupe ulimi wa kusema mapema.