Jioni Niliyovimba Uso kwa Nyigu

Haya sikuyasikia kwa mtu. Yalinipata mwenyewe, mlangoni kwangu, nikiwa na akili zangu zote na matope mkononi. Mdogo wangu Zainabu yu hai, naye alikuwa ndani ya nyumba siku hiyo. Ukitaka nenda kamwulize. Atakwambia kaka yake hana tabia ya kusema uongo. Na ni kweli sina. Lakini jioni ile nilisema uongo mara tatu, na ndiyo maana nasimulia.

Ilikuwa miaka ile ya kuhamia vijiji vya ujamaa. Sisi tulikuwa yatima watatu. Baba yetu, Hamisi, alifariki kwanza. Mama akaugua muda mrefu, nami nikaacha shule darasa la tano ili nimwuguze, nilime na nichunge. Alipofariki nilikuwa na miaka kumi na sita, Zainabu tisa, na Mwanaidi, kitinda mimba, alikuwa hajafika minne. Siku mbili kabla hajakata roho mama alinishika mkono akaniambia, "Baba, wadogo zako usiwatawanye." Nikamjibu, "Sitawatawanya, mama." Nyumba nzima ilisikia.

Matanga hayajaisha, baba mdogo akaja na mpango wake. Zainabu aende Mandewa kwa shangazi akalee watoto. Mwanaidi achukuliwe na mama mkubwa wa Issuna, dada yake mama. Mimi nibaki kwake nichunge ng'ombe. Nilikataa. Akacheka, akasema, "Haya, bwana mkubwa, tutaona utawalisha nini. Siku moja mtu atakuja kuwachukua, utake usitake." Maneno hayo yaliniingia. Tangu siku hiyo kila mgeni aliyetokeza njiani nilimtazama mikono kwanza, kama amebeba kamba ya kufungia mizigo.

Mwaka uliofuata lori la kutuhamisha likaja. Nyumba yetu ya zamani ilikuwa tembe, paa la udongo limelazwa juu ya miti mizito. Tuliambiwa tubomoe, tuchukue miti inayofaa. Nikachukua boriti moja nene, ile iliyokuwa juu ya kitanda cha mama. Ilikuwa na matundu ya duduvule, yule mdudu mweusi mnene anayevuma kama nyuki na kutoboa mbao. Mama alishindana naye maisha yake yote. Kila mwaka alikuwa anaziba matundu kwa udongo uliokandwa na jivu, akibonyeza kwa kidole gumba.

Sasa nisikilize vizuri, maana kosa langu lipo hapa. Kwetu, Mwislamu au Mkristo, mtu hahami bila kuwaambia waliozikwa pale nyumbani. Mkubwa wa nyumba anakwenda makaburini na maji na unga wa mtama, anamwaga kidogo, anataja mnakokwenda na nani na nani wanakwenda. Mkubwa wa nyumba nilikuwa mimi. Unga niliuweka kwenye kibuyu tangu usiku. Lakini dereva alikuwa anapiga honi, Mwanaidi analia, kuku wametoroka, mgambo anafoka. Nikajisemea nitarudi kesho. Kesho ikawa wiki, wiki ikawa miezi. Kulikuwa na nyumba ya kujenga na shamba la kijiji la kulima. Unga ukaoza ndani ya kibuyu.

Nyumba mpya zilipangwa kwa mistari, zote zinafanana. Yetu ilikuwa mstari wa pili, ya saba. Boriti ya mama niliiweka juu ya mlango, ishike paa la nyasi. Duduvule walikuja nayo, wakaendelea kutoboa, unga wa mbao ukawa unatumwagikia kwenye uji. Mvua za kwanza zilipoanza, nyigu nao wakaja wakajenga chini ya boriti hiyo hiyo, kiota kikubwa kuliko ngumi mbili. Wiki moja tu, Mwanaidi aliumwa na nyigu kwenye kope. Akachemka homa siku mbili. Nikasema hawa leo ni mimi au wao.

Nikafanya ujinga. Saa tisa mchana, jua kali, nyigu wanaingia na kutoka, nikawasha mwenge wa nyasi mbichi nikapanda juu ya kinu. Niamini, hujawahi kuona kijana anashuka kwenye kinu namna ile. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi, alikuwa anapeta uwele uani kwake. Akapiga kelele, "Bwana mkubwa, nyigu hawahamishwi kwa operesheni!" Watu wakacheka. Mimi nilikuwa nimeumwa midomo, mashavu, masikio, na kope zote mbili. Hadi jua linazama uso umekuwa kama boga. Jicho la kushoto limefumba kabisa, la kulia limebaki ufa. Sauti inatoka nzito kwa sababu ya midomo. Nikajipaka matope uso mzima yanipoze, nikajifunga kanga kichwani, nikakaa kizingitini. Kama ungenipita usingenijua.

Ndipo nikasikia hodi.

Kwenye ule ufa wa jicho niliona mwanamke amejitanda kaniki mpaka usoni. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kwa Kinyaturu cha kwetu kabisa. Sauti ilikuwa imekauka kama ya mtu aliyetembea mchana kutwa bila maji. Ilifanana na ya mama. Utaniuliza, kwa nini hukujua? Wewe mama yako uliyemzika kwa mikono yako akibisha hodi, utamdhania ni yeye? Mimi nilifikiri sauti inayofanana na ya mama ni ya ndugu yake. Nikasema moyoni, huyu ni mama mkubwa wa Issuna, nisiyemwona tangu utoto. Baba mdogo amemtuma. Amemfuata Mwanaidi.

Akasema, "Nawaulizia watoto wa Hamisi. Watatu, mkubwa wa kiume. Nimefika kwao nimekuta nyumba imebomolewa. Nimezunguka kijiji hiki nyumba hadi nyumba."

Nikamjibu, "Hapa hawapo, mama. Ndugu zao waliwapeleka Ilongero."

Huo ulikuwa uongo wa kwanza. Aliigeukia njia ya Ilongero. Kisha akasema taratibu, "Ilongero. Wote watatu?"

"Wote watatu."

"Hawakutawanywa?"

"Hawakutawanywa."

Akashusha pumzi. Wakati huo huo Mwanaidi akaita toka ndani, "Mama!" Mara moja tu. Nikasikia Zainabu akimziba mdomo, maana nilishawafundisha, mgeni akija wanyamaze. Mwanamke akageuza kichwa upesi. "Kuna mtoto?"

"Wa jirani," nikasema. Uongo wa pili.

Aliinama akanitazama usoni kwa karibu. Sikuona macho yake, kaniki ilikuwa inafunika. Akasema, "Pole, mwanangu. Nyigu hao. Nani alikwambia uwachome mchana? Mchana wanakuona. Unasubiri jua lizame, wote wako ndani na ubaridi umewashika. Nipe gunia, lilowanishe."

Nikampa. Hakupanda kinu wala hakuwasha moto. Alinyoosha mkono juu, nyigu wakatoka wakamtembelea kwenye vidole na kiganja kama wanavyotembea ukutani. Hakuumwa hata mmoja. Nikajiambia labda ana dawa, wako watu wenye dawa za wadudu. Akafunika kiota kwa gunia, akakata kikonyo chake kwa kucha, akafunga. Kisha akaigonga boriti kwa ngumi mara tatu.

"Duduvule usimzibie ndani," akasema, "atatoboa upande wa pili. Gonga kwanza, atoke, halafu uzibe." Kweli, wadudu wawili wakavuma wakatoka. Akachota udongo, akaukanda na jivu la mwenge wangu, akaanza kuziba tundu moja moja. Alipofika katikati alisimama, akaipapasa boriti ile muda mrefu.

"Mti huu umeutoa wapi?"

Nikasema, "Nimepewa na kijiji." Uongo wa tatu.

"Umefanana na wa nyumba moja niliyokaa," akasema. Akamaliza matundu. Akabeba gunia la nyigu, lisije likawadhuru watoto, akasema, "Huyo mtoto wa jirani asikae kizingitini asubuhi, wapo waliolala nje. Kwa heri, mwanangu. Ilongero ni mbali na miguu imechoka, lakini nitafika." Akashika njia. Nilifurahi. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba nimemshinda.

Ndani, Mwanaidi alilia mpaka usingizi ukamchukua. Kila nikimwuliza anasema, "Mama amekwenda." Nikamkemea.

Asubuhi uvimbe ulikuwa umepungua, jicho la kulia limefumbuka. Nikatoka kuitazama kazi ya mgeni. Matundu tisa, yote yamezibwa, na kila moja lina alama ya kidole gumba kilichobonyeza. Kidole kifupi. Ncha haipo, na katikati limepita kovu mshazari. Mama yetu alikatwa kidole gumba cha kulia na kisu cha kuvunia mtama mimi nikiwa mtoto mdogo. Mikono hiyo ndiyo iliyonilisha. Kwenye boriti hiyo hiyo kulikuwa na tundu moja la zamani aliloliziba mwenyewe tukiwa kwenye tembe. Nikaweka jicho langu kwenye alama ya zamani, kisha kwenye mpya.

Nilikimbia. Nilikimbia njia ya Ilongero bila viatu, naita, "Mama! Tupo! Ni mimi!" Watu waliokuwa wanakwenda shambani wakanipisha wakidhani nyigu wamenipandisha wazimu. Nilifika Ilongero mchana, nikauliza kila mlango. Hakuna aliyemwona. Kurudi, niliomba maji na unga wa mtama kwenye nyumba moja, nikapitia nyumbani kwetu kwa zamani. Kaburi lilikuwa kama lilivyokuwa. Nikamwaga maji, nikamwaga unga, nikataja kijiji, mstari, nyumba, majina yetu matatu. Nikamwambia uso ule uliovimba ulikuwa wangu. Upepo ulivuma tu kwenye magofu. Nilijua simwambii mtu. Alikuwa ameshatoka, yuko njiani, kule nilikomtuma.

Mavuno ya mwaka ule mama mkubwa wa Issuna alikuja kutusalimia. Mwanamke mnene, sauti nyembamba, vidole vyote vizima. Nilipomwuliza kama alishawahi kufika kwangu, alishangaa. Masika yote alikuwa kitandani, anaumwa miguu. Wala hakuwa na habari za kumchukua mtoto. Alisema, "Nimchukue nikamlishe nini, mwanangu?"

Wadogo zangu sikuwatawanya. Waliolewa kutoka nyumba hii, kila mmoja kwa wakati wake. Mwanaidi sasa ana wajukuu, na hajawahi kuniuliza kwa nini nilimkemea. Natamani angeuliza. Nyumba nimeijenga upya mara mbili, boriti ni ile ile, na yale matundu tisa haruhusiwi mtu kuyagusa. Duduvule wakitoboa, napambana nao. Nawagonga, wanatoka, naziba tundu jipya pembeni kwa kidole changu. Nyigu nawangoja jua lizame.

Wewe unayesoma, ukihama nyumba, hata honi ilie namna gani, nenda kawaambie wa kwako unakokwenda. Na mgeni akija kuulizia watoto wako, kabla hujamdanganya mwambie afunue uso, nawe unawe wako.

Lakini nina ombi moja zaidi. Wapo watu, si mmoja wala wawili, wanaosema wakati wa magharibi kwenye njia ya Ilongero hukutana na mwanamke wa kaniki mwenye gunia linalovuma, anaulizia watoto watatu. Wanakimbia. Tafadhali, ukikutana naye usikimbie. Hana ubaya. Mwamkie, kisha mwambie arudi pale alipoziba matundu tisa. Mstari wa pili, nyumba ya saba. Wote watatu tulikuwepo. Na yule aliyevimba uso alikuwa mwanawe.